Utambi Ukiisha, Hutupi Taa

"Hii betri haitolewi, mama. Ni ya ndani."

Mama yangu mdogo aliambiwa maneno hayo mbele yangu, kwenye kaunta moja ya matengenezo ya simu jijini Dar es Salaam. Simu yake ilikuwa na miaka miwili na nusu. Kioo hakikuwa na ufa, kamera ilipiga picha safi, laini zote mbili zilishika mtandao. Ubovu ulikuwa mmoja tu: alikuwa akiichaji usiku kucha ikajaa, na saa nne asubuhi imezima. Siku nyingine ilikuwa ikifika asilimia 30 inajizima yenyewe, kama nyumba iliyokatiwa umeme. Mama mdogo ana genge la mboga na matunda Buguruni. Wateja wake wengi humlipa kwa simu, naye huwalipa kwa simu hiyo hiyo wanaomletea nyanya na vitunguu. Simu ikizima saa nne, biashara imelala.

Kijana wa kaunta hakuwa mkorofi. Aliongea kwa adabu, akatoa simu mpya ya shilingi 280,000, akaeleza namna ya kuichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku. Mama mdogo akanigeukia.

"Mwanangu, ndiyo imekufa hivyo?"

Haikuwa imekufa. Jumapili iliyofuata tuliifungua mezani kwake, tukaitia betri ya shilingi 20,000, na hadi leo inatoka naye alfajiri kwenda sokoni na kurudi naye usiku ikiwa bado na chaji. Tofauti ya 280,000 na 20,000 inatosha kumfanya mtu ashike kalamu. Lakini kilichonichoma zaidi ni lile neno "haitolewi". Nimelisikia kwa wauzaji, nimelisikia maofisini kwa watu wenye shahada, nimelisikia hata kwa vijana wanaojua kila programu iliyomo ndani ya simu zao. Limegeuka imani, na imani hiyo inatugharimu fedha, inatujazia takataka, na inatufundisha unyonge mbele ya vitu tulivyovinunua kwa jasho letu. Ninaipinga.

Kwanza niieleze kwa haki, kama wenyewe wanavyoieleza. Wanasema betri za zamani zilitolewa kwa ukucha kwa sababu teknolojia ilikuwa bado changa. Wanasema simu za leo ni nyembamba na hazipitishi maji, kwa hiyo betri imefungiwa kwa sababu za kitaalamu ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzielewa. Wanasema anayeifungua nyumbani anacheza na bomu, na kwamba betri zinazouzwa mtaani ni feki tupu. Mwisho wanahitimisha: betri ikichoka, mwenye akili hununua simu nyingine.

Waliokua na taa ya chemli wataona mara moja kosa la hitimisho hilo. Utambi wa chemli uliungua kidogo kidogo kila usiku, maana ndiyo kazi yake. Ulipoisha, mtoto alitumwa dukani, akarudi na utambi mpya, ukapitishwa mahali pake, moto ukawashwa. Hakuna aliyeitupa taa. Aliyeiunda alijua tangu mwanzo kwamba utambi utaisha, akaacha njia ya kuutoa na kuurudisha.

Betri ni utambi wa simu. Betri za lithiamu ayoni ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Ni chombo cha ajabu, lakini kuzeeka kumo katika maumbile yake. Kila unapochaji, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja wa betri kwenda mwingine. Unapotumia simu, hurudi. Katika kila safari, chache hunaswa kwenye utando unaojijenga juu ya grafiti, wala hazirudi tena. Baada ya mizunguko kama 500 hivi, betri nyingi za simu hubaki na takriban asilimia 80 ya nguvu zake za mwanzo, kisha huzidi kushuka. Mzunguko mmoja ni kumaliza chaji nzima. Anayeimaliza mara moja kwa siku hufikisha 500 kwa muda wa mwaka mmoja na miezi minne au mitano. Joto huharakisha uzee huo. Dereva wa bodaboda anayefunga simu kwenye usukani jua la saa saba likiipiga, huku inachajiwa na ramani imewashwa, hana haja ya kungoja muda huo.

Sasa tazama sehemu nyingine za simu. Bodi haizeeki kwa kuchajiwa, wala kamera, wala kioo kisichoangushwa. Zinaweza kufanya kazi miaka sita, saba, minane. Ndani ya simu nzima, sehemu inayojulikana wazi kwamba itakufa kwanza ndiyo iliyogandishwa kwa gundi, ikafunikwa, na mwenye simu akaambiwa asiiguse. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike. Kikwazo hakikuletwa na sayansi ya betri. Kililetwa na uamuzi wa mtu aliyekaa mezani akachora simu.

Na uamuzi huo una historia. Mwaka 2000 Nokia walitoa simu ya 3310, na mwaka 2003 wakatoa 1100, ile ya tochi ambayo ilifika hadi vijiji visivyo na umeme na ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Betri yake mtoto wa darasa la pili aliweza kuitoa na kuirudisha. Upande wa pili, Apple walikuwa wameanza mwaka 2001 na iPod, kichezeo cha muziki chenye betri iliyofungiwa ndani. Mwaka 2003 ndugu wawili wa New York, akina Neistat, walitengeneza filamu fupi kulalamika kwamba betri ya iPod ikifa hakuna pa kwenda. Mwaka 2007 iPhone ya kwanza ilitoka nayo ikiwa imefungwa. Wengine walifuata mmoja baada ya mwingine, hadi simu za bei nafuu zinazotengenezwa Shenzhen kwa ajili ya masoko yetu ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi nazo zikafungwa. Simu za tochi za shilingi 30,000 bado zinafunguka kwa ukucha. Za 300,000 hazifunguki. Aliyelipa mara kumi zaidi ndiye aliyenyimwa kubadilisha betri.

Nije kwenye hoja ya maji na wembamba, maana ndiyo wanayoitanguliza kila mara. Mwaka 2014 Samsung waliuza Galaxy S5. Mfuniko wake wa nyuma ulibanduliwa kwa ukucha, betri ikatoka mkononi, na bado simu hiyo ilikuwa na kiwango cha IP67, yaani kuhimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Unene wake ulikuwa milimita 8.1. Mwaka 2023 Apple waliuza iPhone 15 Pro Max, iliyofungwa kwa gundi, ikiwa na unene wa milimita 8.25. Kweli, betri za leo ni kubwa kuliko ile ya S5, na ukubwa unadai nafasi. Lakini nafasi haidai gundi. Mwaka 2022 Samsung hao hao walitoa XCover6 Pro, simu ya watu wa kazi ngumu, yenye betri ya kutoa kwa mkono na kiwango cha IP68. Kinachozuia maji ni mpira wa pembeni uliokaa sawasawa. Hata thamosi ya chai tunaifungua na kuifunga kila siku, na haivuji.

Wanaosema kwamba fedha hazihusiki katika jambo hili, nawaomba wakumbuke yaliyotokea Desemba 2017. Apple walikiri kwamba programu zao zilikuwa zikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisijizime ghafla. Watu wengi walikuwa wamedhani simu zao zimezeeka, wakanunua mpya, kumbe dawa ilikuwa betri. Kampuni iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Januari 2019 mkuu wake, Tim Cook, aliwaandikia wawekezaji kuwaeleza kwa nini mapato yamepungua kuliko walivyotarajia. Sababu kubwa ilikuwa soko la China, lakini miongoni mwa sababu alizozitaja imo hii: wateja kuitumia nafasi ya betri za bei nafuu. Mwaka 2020 mamlaka za Ufaransa ziliitoza kampuni hiyo faini ya yuro milioni 25 kwa kutowaambia wateja ukweli. Sihitaji ushahidi mwingine. Betri ikipatikana kwa urahisi, mtu hukaa na simu yake, na anayeuza simu huona pengo kwenye hesabu zake. Wahenga walisema hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi. Katika biashara hii, tijara inatokana na hofu yetu.

Tuizungumze basi hofu yenyewe, kwa sababu sehemu yake ni ya kweli na sitaki mtu aungue kwa ajili ya makala yangu. Betri ya lithiamu si ya kuchezea. Ndani yake mna tabaka mbili zilizotenganishwa na kiwambo chembamba kuliko unywele, na zimeloweshwa kwa kimiminika kinachoshika moto. Ukitoboa kiwambo hicho kwa ncha ya bisibisi, tabaka zinagusana, joto linapanda lenyewe, moto unatoka kwa nguvu na moshi wake ni sumu. Kizazi chetu kilizoea betri za redio. Zikichoka tulizianika juani juu ya bati, wengine wakaziuma kwa meno, na jioni tukasikiliza taarifa ya habari. Mazoea hayo kwa betri ya lithiamu ni hatari kabisa: haianikwi, haiumwi, haigongwi, haikunjwi. Lakini tazama jinsi tulivyoishi na hatari nyingine. Jiko la gesi likivuja linaweza kubomoa nyumba. Hatukusema kila mtungi ukiisha tununue jiko jipya. Tulifundishana: funga koki, fungua dirisha, paka povu la sabuni uangalie kama panavuja. Hatari hudai maarifa, na maarifa haya yanatosha kwenye ukurasa mmoja.

Halafu wenye hofu wanasahau jambo. Betri zilizoogopesha dunia kuliko zote hazikubadilishwa na fundi wa kibandani wala na mama wa gengeni. Zilikuwa za Galaxy Note 7 ya mwaka 2016, zilizofungiwa kiwandani na watu wenye maabara. Simu zikawaka moto, zikarudishwa, zikatolewa nyingine badala yake, nazo zikawaka, hadi Oktoba mwaka huo uzalishaji ukasimamishwa. Samsung walipochunguza walitangaza kwamba kosa lilikuwa kwenye betri zenyewe, za awamu ya kwanza na za awamu ya pili. Kufungiwa hakukumlinda mtu. Kulimzuia tu mwenye simu asiweze kuitoa betri mbovu na kubaki na simu yake.

Sasa nieleze tulivyofanya kwa mama mdogo, ili anayesema haiwezekani aoneshe ni wapi iliposhindikana.

Tuliiacha simu itumike hadi chaji ikashuka chini ya asilimia 20, kwa sababu betri isiyo na chaji nyingi haina nguvu nyingi za kuungua. Tuliizima kabisa, tukatoa kadi za laini. Meza tuliiweka barazani, mbali na mapazia na watoto, na pembeni tukaweka karai la mchanga mkavu. Binti wa dada yangu, aliye kidato cha pili, ndiye aliyeshika kazi, mimi nilimwelekeza. Mfuniko wa nyuma ulikuwa wa plastiki. Alichomeka ukucha wa plastiki kwenye upenyo wa kona, akauzungusha taratibu, vishikizo vikalia kimoja kimoja hadi ukabanduka. Chini yake palikuwa na skrubu 13 ndogo kama punje za mtama. Tulikuwa tumechora umbo la simu kwenye karatasi, na kila skrubu iliyotoka aliibandika kwa gundi ya karatasi mahali pake kwenye mchoro. Huo si urembo. Skrubu hazilingani urefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi, na hapo ndipo simu hufa kweli.

Kabla ya kugusa kitu kingine chochote alikibandua kichwa cha waya wa betri kutoka kwenye bodi, kwa kutumia kipande cha plastiki, siyo chuma. Betri yenyewe ilikuwa imeng'ang'ania kwenye gundi ya pande mbili. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuichokoa na bisibisi. Sisi tulipitisha uzi wa mshipi, ule wa kuvulia samaki, chini ya betri, akauvuta kushoto na kulia kama anayekata sabuni ya mche, pole pole, bila kuikunja betri. Ilipoachia, mama mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote ameshika kiuno, alisogea akaitazama.

"Ndiyo hii tu?"

Ndiyo hiyo tu. Kipande chembamba kama kitabu cha risiti, kimeandikwa namba yake, volti zake na uwezo wake. Tukaweka mpya, tukabana kichwa cha waya hadi kikalia, tukaiwasha kabla ya kufunga, tukarudisha skrubu kwa kufuata mchoro.

Ziko hali ambazo mwenyewe nasema usiguse. Betri ikiwa imevimba hadi imeinua kioo au mfuniko, usiichaji, usiibonyeze. Mpelekee fundi mzoefu, maana tumbo lile limejaa gesi na ngozi yake imevutika. Simu ikiwa bado ndani ya waranti, irudishe kwa aliyekuuzia. Simu yenye kioo mbele na nyuma, iliyogandishwa pande zote, inahitaji joto la kulainisha gundi na mkono uliozoea. Jifunze kwanza kwenye simu iliyokufa. Na betri ya zamani usiitupe jalalani wala kwenye moto wa takataka. Funika vichwa vyake kwa utepe, uipeleke kwa wanaokusanya taka za umeme.

Wenye imani ya "haitolewi" wanakuja pia na hoja ya betri feki. Ni kweli zipo, na nimewahi kuuziwa. Lakini tujiulize zinatoka wapi. Mtengenezaji akikataa kuuza betri halisi kwa mwenye simu, amemwachia nani soko? Mnunuzi wa betri ya redio hakuwa na shida hiyo, kwa sababu iliyo halali ilikuwa rafuni, imeandikwa jina, bei inajulikana. Hadi haki hiyo irudi, mnunuzi ana njia za kujilinda. Nenda dukani na namba iliyoandikwa kwenye betri yako, usiende na jina la simu peke yake. Linganisha volti, zisipolingana, iache. Betri ya kweli ya 5000 mAh huwa na uzito wa kati ya gramu 60 na 80. Ukiiona nyepesi mno, au imeandikwa uwezo mkubwa kuliko ya kiwandani ilhali umbo ni lile lile, hayo ni maandishi tu. Omba ipimwe kwa multimita mbele yako. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Wengine wananiambia kwa uchungu: mnataka kuwanyang'anya mafundi simu mkate wao. Ninawaheshimu sana mafundi wetu, wale wanaokaa na darubini na pasi ya risasi wakifufua bodi zilizozama kwenye bahari ya Coco Beach. Lakini kujua kuziba pancha ya baiskeli yako hakujawahi kumfukuza fundi baiskeli barabarani. Isitoshe, gundi inayonizuia mimi inamchelewesha na yeye. Na kuna kizuizi kingine kinachomuumiza yeye zaidi: baadhi ya simu sasa zinaitambua betri kwa namba ya siri, ukiweka nyingine, hata ikiwa halisi, zinatoa onyo kwamba betri haijathibitishwa. Mteja akiona onyo hilo anadhani fundi amemwibia. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024 kupiga vita mtindo huo. Haki ya mwenye simu na haki ya fundi ni haki moja.

Tena jambo hili linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko tunavyokubali. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika betri nyingi za simu, huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na moyo wa uchimbaji huo ni Kolwezi, katika jimbo la Lualaba. Huko watu wanazungumza Kiswahili. Kuna wanaoshuka mashimoni kwa kamba, wakiwa na koleo, bila kofia, wakiitana kwa lugha hii hii ninayoiandika. Grafiti ya upande wa pili wa betri imejaa katika milima ya Mahenge, mkoani Morogoro. Msemaji wa Kiswahili anachimba madini ya betri kwa nguvu za mikono yake, halafu msemaji wa Kiswahili mwingine, mwenye genge Buguruni, anaambiwa hana ruhusa ya kuigusa betri yenyewe. Kila simu nzima inayotupwa kwa ajili ya betri ni shimo jingine linalochimbwa bila sababu: shaba ya bodi, dhahabu ya vichwa vya waya, kioo, kamera, vyote vinakwenda jalalani vikiwa vizima. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nyingine ziko mahali fulani, na sehemu yake tunaiona ikiungua kwenye majalala yetu.

Wenzetu wameanza kuamka. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inasema kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka zinazouzwa huko ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, kwa zana za kawaida za dukani, bila kuhitaji joto wala kemikali, na ziendelee kupatikana kama spea kwa miaka mitano baada ya kifaa cha mwisho kuingia sokoni. Kwa simu janja wamewaachia watengenezaji mlango wa nyuma: betri ikiweza kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000, na simu ikahimili maji, wanaweza kuiacha kazi hiyo kwa mafundi. Siupendi mlango huo. Lakini hata ukiwa wazi, unamlazimisha mtengenezaji aweke betri inayodumu maradufu. Na tazama matokeo: mwaka 2024 Apple hao hao walitoa iPhone 16 yenye gundi inayoachia betri baada ya kupitishiwa umeme mdogo, kiasi cha betri ya volti 9, kwa dakika moja na nusu hivi. Miaka yote tuliambiwa haiwezekani. Sheria ilipokaribia, iliwezekana.

Kwetu uwezo upo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu bandia nchi nzima, na Kenya ilikuwa imeshafanya hivyo mwaka 2012. Mamlaka inayoweza kuzima simu ya mwananchi kwa sababu haina kiwango, inaweza kumwambia mwenye kiwanda: hutaiingiza simu hii hapa hadi betri yake halisi iuzwe rejareja, namba yake iandikwe kwenye boksi, na ifunguke bila kuchemshwa. Hilo si ombi la hisani. Ni kipimo cha ubora kama vile kuuliza kama waya wa pasi umefunikwa vizuri. Na wizara za elimu ziweke jambo hili kwenye masomo ya sayansi. Mtoto anayechora mzunguko wa umeme ubaoni na hajawahi kuona betri ya simu ya mama yake amefundishwa nusu.

Nawe msomaji, kabla hujatia saini mkopo wa simu mpya, fungua droo uitazame ile ya zamani. Jiulize: kilichokufa ni simu, au ni betri? Kama ni betri, itafute namba yake, uulize bei, umtafute kijana mwenye mkono mtulivu, mkae barazani mkiwa na karai la mchanga. Ukiogopa, mpe fundi, lakini mwambie unachotaka: betri, siyo simu. Usikubali tena neno "haitolewi" kutoka kwa mtu yeyote.

Ya mama mdogo ilituchukua dakika 50.